Mmea Umedhoofika Bustanini: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kuurudishia Nguvu

Mmea ukianza kuwa wa njano, wengi wetu hukimbilia vitu viwili: ndoo ya maji na mfuko wa mbolea. Mara nyingi hivyo viwili ndivyo vinavyoumaliza. Mmea uliojaa maji miguuni hunyauka sawasawa na ule wenye kiu, na mzizi uliounguzwa na mbolea haunywi maji hata ukiumwagilia kutwa nzima. Ndiyo maana hapa dawa zinakuja mwishoni. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kila moja itakuondolea sababu kadhaa, na ukifika katikati utakuwa umebakiwa na mbili tatu tu za kufikiria.

Hatua ya 1: Tazama bustani nzima kabla ya kugusa jani

Simama mbali kidogo, ujiulize: ni mimea gani imeathirika, na imekaa wapi?

Wadudu na magonjwa huchagua. Nyanya zikiwa hoi huku maharage na vitunguu vya jirani vinastawi, shuku mdudu au ugonjwa wa jamii ya nyanya. Lakini nyanya, waridi na hata magugu ya sehemu ileile yakipauka kwa pamoja, tafuta kosa kwenye maji, udongo, joto, chumvi au dawa iliyopeperushwa na upepo. Magugu ni mashahidi wazuri sana hapa. Hakuna aliyeyapanda wala anayeyatunza, kwa hiyo yakishindwa kuota mahali fulani, ujue udongo wa hapo una kasoro.

Kisha angalia umbo la eneo lililoathirika. Ugonjwa huanza na mche mmoja au miwili, ukasambaa kwa mabaka yasiyo na mpangilio, na huchukua siku kadhaa. Mstari mnyoofu, upande mmoja wa ukuta unaoakisi jua, au kona ya chini ambako maji hutuama, hayo ni mambo ya mazingira. Na kama bustani yote ilikuwa nzima jana na leo imeungua, usitafute ugonjwa. Tafuta kilichotokea katikati: jua kali la ghafla, baridi kali, mbolea iliyozidi, dawa.

Mwisho wa hatua hii, kumbuka yaliyobadilika katika wiki mbili au tatu zilizopita. Ulihamisha miche? Ulileta samadi mpya? Jirani alipuliza dawa ya magugu? Mvua zilikatika? Andika kwenye karatasi. Mimea huchelewa kuonyesha maumivu, na kinacholaumiwa mara nyingi ni kile cha jana badala ya kile cha siku kumi nyuma.

Hatua ya 2: Pima maji kwa kidole, kisha tazama mizizi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, nami nakuomba ufanye hivyo. Maji yaliyozidi au yaliyopungua ndiyo chanzo cha matatizo mengi kuliko wadudu na magonjwa unayoyaogopa.

Fanya uchunguzi huu asubuhi mapema. Maboga, matango na mimea mingine yenye majani mapana hulegea saa za jua kali hata udongo ukiwa na maji ya kutosha, kwa kuwa majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta. Jioni yanasimama tena. Huo si ugonjwa. Mmea unaoamka asubuhi ukiwa bado umelegea ndio wenye shida.

Chomeka kidole hadi sentimita 5 hivi. Kwa miti na vichaka tumia kijiti kikavu cha mbao, ukizamishe sentimita 15 au 20, ukiache dakika chache, kisha ukichomoe. Kikitoka na udongo uliogandia, kuna unyevu. Usidanganywe na uso wa udongo, kwani unaweza kukauka kabisa wakati chini kumeloa tepetepe, au ukaloa kwa umwagiliaji wa haraka wakati mizizi iko kwenye vumbi.

Ukikuta pakavu, tatizo ni jepesi, ingawa si la kutatua kwa ndoo moja ya pupa. Udongo uliokauka sana hufukuza maji. Kwenye chungu utaona umejitenga na kingo, na maji yanapita pembeni yakatokea chini bila kulowanisha kitu. Chukua chungu kizima ukizamishe kwenye beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30, mpaka viputo vya hewa viishe, kisha kiache kichuruzike. Ardhini, mwagilia kidogo, subiri maji yaingie, rudia. Lita 10 kwa mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 10. Baada ya saa moja, chimba kwa kijiko cha bustani uone zimefika wapi. Wengi hushtuka kukuta unyevu umeishia kwenye kina cha kidole.

Ukikuta udongo umeloa na mmea bado umenyauka, usiongeze hata tone. Toa mmea kwenye chungu, au fukua taratibu pembeni mwa shina, utazame mizizi. Mzizi mzima ni mgumu kidogo, mweupe au wa rangi ya maziwa (baadhi ya mimea ina mizizi ya kahawia kiasili, kwa hiyo ugumu ni ushahidi bora kuliko rangi). Sasa shika mzizi mmoja mwembamba kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute polepole. Kama umeoza, ganda lake la nje litateleza na kubaki mkononi kama ute, na ndani utabaki uzi mwembamba uliosimama peke yake. Harufu nayo itakuambia: udongo wenye afya hunukia kama ardhi baada ya mvua, na uliokosa hewa hunuka kama dimbwi.

Sababu ni kwamba mizizi inapumua. Maji yakijaza vitundu vyote vya udongo, oksijeni inakosekana, mizizi inakufa, na hapo vimelea kama Pythium na Phytophthora, ambavyo mbegu zake huogelea ndani ya maji, huingia kwa urahisi. Mmea unanyauka kwa kiu ukiwa umesimama ndani ya maji, kwa sababu hauna tena cha kunywea.

Kwa mmea wa chungu, kata mizizi yote iliyooza kwa mkasi safi hadi ufike sehemu ngumu. Tupa udongo wa zamani, osha chungu, hakikisha kina matundu, upande upya kwenye udongo mpya unaopitisha maji. Kama umepunguza mizizi sana, tumia chungu kidogo kuliko cha kwanza. Chungu kikubwa hubaki na maji mengi ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Punguza na majani kidogo, uuweke kivulini chenye mwanga, umwagilie tena pale tu sentimita 2 au 3 za juu zitakapokauka.

Kwa mmea wa ardhini, pima jinsi udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha pima yanavyoshuka kila saa. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, hapo maji yanatuama. Chimba mfereji wa kuyatoa, au inua matuta ya sentimita 20 hadi 30 na uchanganye mboji nyingi. Usimwage mchanga kidogo kwenye mfinyanzi ukitegemea utalainika, kwani mara nyingi mchanganyiko huo hukakamaa zaidi.

Ukiwa bado umeshika mizizi, tafuta vinundu. Minyoo fundo huacha mizizi ikiwa na uvimbe usiotoka hata ukiukwaruza, kwa kuwa ni sehemu ya mzizi wenyewe. Kwenye maharage, kunde na njegere, usichanganye na vinundu vya kawaida vinavyobanduka kirahisi na vyenye rangi ya waridi ndani. Hivyo ni makazi ya bakteria wanaoupa mmea naitrojeni, na ni habari njema.

Hatua ya 3: Chunguza shina pale linapoingia ardhini

Sehemu hii husahaulika. Fukua matandazo yaliyorundikwa shinani, kwa sababu unyevu wa kudumu huozesha gome. Yaache umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka shinani. Angalia kama mti ulipandwa kwa kina kupita kiasi: pale shina linapopanuka kuelekea mizizi panapaswa kuonekana juu ya udongo. Angalia pia kamba iliyosahaulika ikikaba shina, au mzizi uliojizungusha na kujinyonga.

Mche mchanga ulioangukia ubavu, shina likiwa limesinyaa na kuwa jembamba usawa wa udongo, una kinyaushi, yaani ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche. Huo hauokoki, ila unaweza kuwaokoa wenzake kwa kupunguza maji, kupunguza msongamano wa kitalu na kuruhusu hewa ipite. Ule uliokatwa kabisa kana kwamba kwa kisu ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua sentimita chache pembeni utamkuta amejikunja.

Mti au kichaka kilichopukutika na kuonekana kimekufa, kwaruza gome la tawi dogo kwa ukucha. Rangi ya kijani na unyevu chini yake ina maana tawi li hai. Likiwa kavu na la kahawia, shuka chini, kwaruza tena, hadi ufike palipo hai au ardhini. Kata matawi makavu tu. Nimeona watu waking'oa vichaka ambavyo bado vilikuwa hai robo tatu, na inauma, maana ukucha mmoja ungetosha kuviokoa.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kujulikana na kila mkulima wa nyanya, viazi, pilipili au biringanya. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani na udongo una unyevu wa kawaida, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi, ukishike bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, kama ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Hizo ni bakteria wenyewe. Hakuna dawa ya kuuponya mmea huo. Kama maji yamebaki safi lakini ndani ya shina kuna mistari ya kahawia, na majani yalianza kuwa ya njano upande mmoja, shuku mnyauko wa fuzari, ambao huletwa na ukungu wa udongoni.

Hatua ya 4: Majani ya zamani au machanga?

Ukishaondoa maji na shina kwenye orodha, sasa soma majani. Swali kuu ni njano imeanzia wapi.

Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzinyang'anya kutoka majani ya chini na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Jani la chini lililo la njano lote, huku mmea ukidumaa, linadai naitrojeni. Njano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani ni magnesiamu. Kingo zilizokauka kana kwamba zimeunguzwa ni potasiamu. Rangi ya zambarau na udumavu hutokana na ukosefu wa fosforasi, ingawa baridi nayo huleta zambarau hiyo hiyo kwenye miche, hata udongo ukiwa umeshiba fosforasi.

Madini ya chuma, kalsiamu na boroni hayahami kirahisi. Upungufu wake huonekana kwenye majani machanga na ncha. Jani changa la njano lenye mishipa ya kijani linalilia chuma. Lakini kabla ya kununua chuma, pima pH (kipimo cha uchachu wa udongo), maana mboga nyingi hupenda kati ya 6.0 na 7.0. Juu ya 7 chuma kinakuwepo udongoni ila kimejifunga, mmea haukipati. Udongo ulioloa sana huleta dalili kama hiyo, ndiyo maana maji yalitangulia.

Kuoza kitako kwa nyanya kunahitaji neno lake. Doa jeusi lililobonyea chini ya tunda ni ukosefu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi udongo wenyewe hauna upungufu. Kalsiamu husafiri na maji. Ukimwagilia leo na kuacha wiki, haifiki. Rekebisha ratiba ya maji, weka matandazo, na matunda yatakayofuata yatakuwa safi.

Kingo za kahawia pamoja na utando mweupe juu ya udongo ni chumvi au mbolea iliyozidi. Isafishe kwa kupitisha maji mengi, walau mara mbili ya ujazo wa chungu, yakitoka chini bila kizuizi. Majani yaliyojisokota na kuwa membamba kama uzi, hasa kwenye nyanya, mara nyingi ni dawa ya magugu.

Jani moja au mawili ya chini kabisa kuzeeka na kudondoka ni maisha ya kawaida. Usilitibu.

Hatua ya 5: Geuza jani

Wadudu wengi wanaofyonza huishi chini ya jani. Vidukari hujazana kwenye ncha laini, na ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, wafuate. Sisimizi huwalinda vidukari kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa, na juu ya utomvu huo huota masizi meusi yanayopanguswa kwa kidole. Inzi weupe huruka kama vumbi ukitikisa mmea. Utitiri mwekundu ni mdogo mno kuonekana vizuri, kwa hiyo gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vikianza kutembea, umewapata. Wao hupenda joto, ukavu na vumbi.

Kwa wote hao, anza na maji yenye msukumo chini ya majani, siku mbili tatu mfululizo. Wakirudi, changanya mililita 5 za sabuni laini ya maji isiyo na kiondoa madoa kwa kila lita moja ya maji. Jaribu kwenye jani moja, subiri siku nzima, kisha nyunyiza jioni ukihakikisha unawagusa wadudu wenyewe, kwa sababu sabuni ikikauka haiuwi tena. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Sipendekezi kuanza na viuatilifu vikali vinavyoua kila kitu. Vinawaua pia mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari, na utitiri hurudi ukiwa mwingi kuliko mwanzo kwa kuwa maadui zake wameondoka.

Upande wa ukungu, unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga. Ondoa majani yaliyozidiwa na ufungue njia ya hewa. Maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa yanasaidia kwenye jamii ya maboga, na jambo hilo lilijaribiwa Brazil kwenye zukini na kuchapishwa mwaka 1999. Madoa yenye duara ndani ya duara kwenye majani ya chini ya nyanya ni bakajani wahi: kata majani hayo, weka matandazo ili matone yasirushe udongo juu, mwagilia shinani. Mabaka mapana ya kijivu yenye majimaji na utando mweupe chini ya jani, yanayokimbia ndani ya siku chache, ni bakajani chelewa, ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Huo usiusubiri hata siku moja.

Hatua ya 6: Rekebisha kimoja, kisha ngoja

Ukibadilisha maji, chungu, mahali na mbolea kwa siku moja, hutajua kilichoponya wala kilichoharibu. Anza na sababu uliyoigundua.

Mpe mgonjwa kivuli chepesi siku chache, hasa saa za mchana. Ondoa matunda na maua ili nguvu iende kwenye mizizi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya majani mabichi, kwani ndiyo yanayoulisha mmea. Tandaza nyasi kavu au majani, sentimita 5 hadi 8. Mbolea iache kabisa mpaka uone chipukizi jipya, na hata hapo anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa, kwenye udongo wenye unyevu. Isipokuwa, bila shaka, njaa ndiyo uliyoithibitisha katika hatua ya 4.

Usitazame majani yaliyoharibika. Jani lililoungua halitarudi kijani. Tazama ncha na vifundo: jani jipya likitoka safi, matibabu yamekubali. Kwa mboga, tegemea jibu ndani ya wiki mbili au tatu. Kichaka au mti unaweza kudai msimu mzima.

Hatua ya 7: Wakati wa kung'oa

Ng'oa bila kusita mmea wenye mnyauko wa bakteria, wenye bakajani chelewa iliyofika shinani, au wenye virusi. Virusi utavijua kwa batobato ya kijani na njano, majani yaliyokunjamana na udumavu usiokubali chochote. Mmea mmoja wa namna hiyo ni hifadhi ambamo inzi weupe na vidukari huchota ugonjwa na kuupeleka kwingine. Ufunike kwa mfuko kabla ya kuung'oa, uutoe na mizizi yake, wala usiutupe kwenye mboji. Osha mikono, futa mkasi kwa spiriti, na mahali hapo usipande jamii ileile kwa miaka mitatu au zaidi. Nyanya, viazi mviringo, pilipili na biringanya ni jamii moja.

Kama katika hatua ya 4 ulishuku dawa ya magugu na hakuna aliyepuliza karibu, shuku samadi. Baadhi ya dawa za malisho hupita tumboni mwa mnyama na kubaki kwenye samadi kwa muda mrefu. Kabla ya kupanda tena, changanya samadi hiyo na udongo kwenye vyungu vitatu, weka udongo mtupu kwenye vingine vitatu, panda maharage kote. Baada ya wiki tatu linganisha majani ya kweli ya kwanza. Yakijikunja kwenye vyungu vya samadi pekee, usiipeleke bustanini.